Mashimo meusi: Ushahidi wa Hawking ungali nusu

WANASAYANSI wa mitambo ya LIGO nchini Marekani walipotangaza Septemba 2025 kwamba wamethibitisha kanuni iliyotolewa na Stephen Hawking mwaka wa 1971, ilidhaniwa kwamba ubishi kuhusu mashimo meusi ya angani umekwisha. La hasha. Kilichothibitishwa ni ile sehemu iliyo nyepesi.

Kanuni hiyo yasema mashimo mawili yakigongana na kuungana, eneo la mpaka wa shimo jipya, ambao hata mwanga ukiuvuka haurudi, haliwezi kuwa dogo kuliko jumla ya maeneo ya awali. Mawimbi ya mvutano yaliyonaswa Januari 14, 2025 yalionyesha eneo likipanda kutoka kilomita mraba 240,000 hivi hadi karibu 400,000.

Jacob Bekenstein alidai mapema katika miaka ya sabini kwamba eneo hilo ni kipimo cha mvurugiko, ambao katika sheria za joto nao haupungui. Hawking alimpinga. Lakini mwaka wa 1974, alipoingiza hesabu za kwanta, zinazohusu chembe ndogo mno, alikuta kwamba shimo lina joto, hutoa mnururisho na hunywea polepole. Hivyo akaibomoa kanuni yake mwenyewe!

Hapo ndipo penye mgogoro. Shimo likiyeyuka lote, habari za vilivyomezwa huenda wapi? Sheria za kwanta hazikubali zifutwe. Mwaka wa 1997 Hawking na Kip Thorne waliwekeana dau na John Preskill, wao wakishikilia kwamba hupotea. Julai 2004, mjini Dublin, Hawking alisalimu amri na kumpa Preskill ensaiklopidia ya besiboli. Thorne alikataa, na hakukosea kusita, kwa maana hoja ya mwenzake haikuwaridhisha wengi. Hesabu za mwaka wa 2019 zimeonyesha kwamba habari zaweza kutoka. Kwa njia gani, hazikusema.

Kupima ndiko kugumu. Setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa kutoka pwani ya Malindi Desemba 12, 1970, ilisaidia kutambua shimo la Cygnus X-1 kwa eksirei za gesi inayoliangukia. Mnururisho wa shimo lenyewe ni jambo jingine. Shimo lenye uzito wa jua lina joto lisilofikia sehemu moja kwa milioni kumi ya digrii juu ya sifuri halisi, ilhali anga yenyewe ina digrii 2.7. Kwa hivyo mashimo yanayojulikana leo hupokea joto zaidi ya yanalotoa, na Hawking alifariki Machi 2018 kabla ya mnururisho wake kuonekana angani.