Nilikabidhiwa Timu, Nikaizamisha!

Mgongo unaniuma. Siku mbili nzima nimekaa kwenye ukumbi wa hoteli huku Pennsylvania nikitazama watu wazima, wengine wana wajukuu, wakirusha dadu na kushangilia kama vijana wa mpirani. Usicheke, maana na mimi niliishia kupiga kelele.

Boksi ninalobeba huku Marekani, kama unavyojua, ni kumtunza mzee mmoja wa miaka themanini na ushee. Mikono inatetemeka, macho nayo ndiyo hivyo tena. Namsomea dawa, namsomea barua. Ijumaa akaniambia, "Kijana, wikiendi hii utanisomea kadi." Nikajua karata. Wapi!

Kumbe ni beziboli ya mezani, inaitwa Strat-O-Matic. Jamaa aliyeitunga, Hal Richman, alianza kuihangaikia tangu utotoni, akaja kuiingiza sokoni mwaka 1961. Kila mchezaji wa kweli ana kadi yake, imepigwa hesabu kutokana na alivyocheza msimu fulani. Unarusha dadu tatu. Moja ina rangi yake peke yake: ikitoka 1 hadi 3 unasoma kadi ya mpigaji, ikitoka 4 hadi 6 unasoma ya mrushaji. Zile mbili unajumlisha, unatafuta namba kwenye safu, unaona kama jamaa kapiga au katolewa. Basi, hakuna nyasi wala jasho. Lakini usicheze na watu hawa! Mwaka 1981 wachezaji wa ligi kuu walipogoma na mechi ya nyota ikakwama, ilichezwa kwa dadu hizi ndani ya uwanja wa Cleveland, na mkongwe Bob Feller akarusha za ufunguzi.

Mzee wangu hana timu nyingine zaidi ya Pittsburgh Pirates ya 1971. Timu hiyo Septemba 1 mwaka huo ilianza mechi na wachezaji tisa ambao wote ni weusi, Wamarekani weusi na Walatino, mara ya kwanza katika ligi kuu. Halafu ikachukua ubingwa. Nyota wao alikuwa Roberto Clemente wa Puerto Rico, aliyekufa Desemba 31, 1972 kwa ajali ya ndege akipeleka msaada kwa watu wa Nicaragua waliopigwa na tetemeko. Kadi yake imeshaliwa pembe zote, lakini ole wako uiguse na mikono yenye mafuta ya chipsi.

Sasa kimbembe. Jumapili mchana, tukishinda tunaingia nusu fainali. Mbele yetu kaka mmoja mnene, mpole, ana Baltimore Orioles ya 1970. Raundi ya saba tunaongoza 4-2, mzee akabanwa. Nikamwambia nimsindikize. "Kaa hapo, endesha timu. Saa haisubiri." Akashika mkongojo wake huyo, taratibu.

Mrushaji wetu alikuwa Steve Blass, na tangu mwanzo alikuwa kawanyamazisha. Mimi nikajisemea, mtu anayefanya kazi vizuri unamtoa wa nini? Yule mnene akaniuliza, "Una uhakika unamwacha?" Nikaona huyu ananichota. Namwacha! Kumbe kadi ya mrushaji inaonyesha baada ya raundi ngapi anaweza kuchoka, na akichoka, baadhi ya auti zinageuka kuwa mapigo. Pigo la kwanza. Pigo la pili. Akaja Boog Powell, pande la mtu, dadu zikalala, kaka wa watu akasoma kwa sauti ndogo kama anatoa taarifa ya msiba: homurani. 5-4 kwao.

Mzee alirudi, akatazama meza. "Giusti yuko wapi?" Dave Giusti, bingwa wa kumalizia mechi. Nikamwonyesha: bado yumo kwenye boksi lake. Hakunifokea. Heri angenifokea.

Raundi ya tisa, auti mbili, mtu wetu yuko kituo cha pili, anaingia Clemente. Tangu Jumamosi asubuhi mzee alikuwa anarusha dadu zake mwenyewe, hata zikimponyoka. Safari hii akazisukuma kwangu. "Rusha wewe." Nikarusha, moja ikaanguka chini ya meza. Nikainama: 2, safu ya Clemente mwenyewe! Lakini sheria pale ni kwamba ikianguka unarudia zote. Nikarudia. Ikatoka 5, kadi ya mrushaji, mpira ukaelekezwa kwa Brooks Robinson, mlinzi ambaye kwa kudaka walimpa tuzo ya Gold Glove mara 16. Imebaki dadu ya pande ishirini kuamua kama atakosea.

Hakukosea.

Kwenye gari kimya. Tumefika karibu na nyumbani ndipo akauliza, "Ulimwacha kwa nini?" Nikamjibu alikuwa anafanya vizuri. Akacheka mpaka akakohoa, nikasimamisha gari nimpe maji.

Jumatatu asubuhi nimemkuta jikoni, dawa kazisukuma pembeni, meza imepangwa. Kanipa Orioles. Nimeshafungwa mara mbili na chai imepoa. Haya, tukutane wiki ijayo, naitwa.