Petroli Ikiingia Kisimani

Tangi la sheli huzikwa ardhini, na kinachovuja huko chini hakuna anayekiona. Chuma kisichokingwa huliwa na kutu mwaka hadi mwaka, ingawa mara nyingi uvujaji huanzia kwenye viungo vya mabomba yanayotoka tangini kwenda kwenye pampu. Kila asubuhi mhudumu huzamisha fimbo ya kupimia, huitoa, husoma alama palipoishia unyevu, kisha hulinganisha na mauzo ya jana. Upungufu wa lita chache husingiziwa joto, kwa kuwa petroli hutanuka na kusinyaa, au husingiziwa mkono wa mtu. Lita 5 kwa siku ni zaidi ya lita 1,800 kwa mwaka, na zote zimekwenda mahali.

Zimekwenda chini. Petroli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo ikiyafikia maji ya ardhini huelea juu yake kama mafuta juu ya mchuzi. Ingekuwa inaelea tu, kuisafisha kungekuwa kazi rahisi. Lakini ndani yake mna benzeni, kemikali inayosababisha saratani ya damu, nayo huyeyuka majini na kusafiri nayo. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa mikrogramu 10 za benzeni kwa lita moja ya maji ya kunywa. Lita moja ya petroli yenye benzeni asilimia 1 inabeba gramu 7 hivi. Hesabu hiyo ina maana kwamba lita moja inaweza kuharibu lita 700,000 za maji, sawa na maboza 70 ya lita 10,000.

Usafishaji huanza kwa kukata chanzo: tangi linamalizwa mafuta na kufukuliwa, na udongo uliolowa unazolewa. Kisha huchimbwa visima vyembamba vya uchunguzi, visivyopungua vitatu, kwa sababu kwa viwili haiwezekani kujua maji yanaelekea upande gani. Petroli inayoelea hunyonywa kwanza. Mvuke uliobaki kwenye udongo mkavu huvutwa kwa mashine, na njia hii hutoa mafuta mengi kuliko watu wanavyodhani, maana petroli hupenda kuwa hewa.

Kazi ngumu ni maji yenyewe. Hupampuliwa juu na kupitishwa kwenye mnara ambamo hewa inayopulizwa hubeba kemikali, au kwenye matangi ya makaa maalumu, ambayo baadhi hutengenezwa kwa vifuu vya nazi. Gramu moja ya makaa hayo ina vitundu vingi mno kiasi kwamba eneo lake la ndani hupita mita za mraba 500, na humo benzeni hunasa. Mtambo hufanya kazi vizuri. Tatizo liko chini. Matone ya petroli yaliyonaswa kati ya chembe za mchanga huendelea kuyeyuka kidogo kidogo. Pampu zikizimwa kwa sababu vipimo vimeshuka, baada ya miezi kadhaa vipimo hupanda tena. Kupampu bila kuondoa mafuta yaliyonasa ni kulipia umeme tu.

Bakteria wa udongoni nao hula petroli, hasa wakipulizewa oksijeni. Kuwaachia kazi yote ni halali pale tu chanzo kilipokwisha kuondolewa na hakuna anayekunywa maji ya eneo hilo. Vinginevyo ni kisingizio chenye jina la kisayansi.

Mji wa Santa Monica, California, uliijua gharama ya uvujaji wa namna hii. Mwaka 1996 ulifunga visima vyake vya Charnock baada ya kukutwa MTBE, kemikali iliyokuwa ikichanganywa kwenye petroli ili iungue vizuri na kupunguza moshi. MTBE huyeyuka majini zaidi kuliko benzeni, haishikwi na udongo, na bakteria huila kwa shida. Mji ulipoteza karibu nusu ya maji yake, ukawa unanunua ya mbali. Visima havikurudi kazini hadi mwishoni mwa 2010, vikiwa na mtambo mpya wa kusafisha. Dawa iliyotiwa ili kusafisha hewa ndiyo iliyochafua maji. Matangi ya kuta mbili yenye kengele ya uvujaji katikati yangegharimu sehemu ndogo tu ya hayo yote.

Pwani ya Afrika Mashariki ina mchanga na mwamba wa matumbawe katika sehemu nyingi, na maji yake hayako mbali. Kisima na sheli hupakana bila mtu kushangaa. Mwenye kisima cha namna hiyo asitegemee klorini, kwa kuwa huua vijidudu na benzeni haigusi. Wala asitegemee kipimo cha kawaida cha chumvi na vijidudu. Aombe maabara ipime benzeni kwa jina. Sampuli ichukuliwe kwenye chupa ya kioo, ijazwe hadi mdomoni pasibaki kiputo cha hewa, kifuniko kikazwe, iwekwe kwenye barafu na kufikishwa haraka. Chupa iliyojazwa nusu itatoa majibu mazuri ya uongo.