Krismasi, Siasa na Meza ya Baba



Tarehe 25 Desemba 1971, Dkt. Wilbert Klerruu, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alifika Isimani katika shamba la mkulima aitwaye Saidi Mwamwindi. Mwamwindi hakuwa Mkristo, na siku ile ilimkuta kazini kama siku nyingine za msimu wa kulima. Jambo lililokuwa kati yao lilikuwa vijiji vya ujamaa na ardhi ya mahindi. Maneno yakawa makali, na Mkuu wa Mkoa akauawa kwa risasi. Mwamwindi mwenyewe aliupeleka mwili kituo cha polisi mjini Iringa. Alihukumiwa, akanyongwa.

Zaidi ya miaka hamsini imepita, na bado zipo nyumba ambamo jina hilo likitajwa wakati wa chakula, mmoja husema "muuaji" na mwingine husema "mtu aliyetetea shamba lake". Hatulitaji ili kuwafufulia watu uchungu. Tunalitaja kwa sababu wale wanaotushauri tuiache siasa nje ya mlango siku ya Noeli wanatuomba jambo ambalo nyanda zetu hazijapata kulizoea.

Tuitazame pia kalenda. Tangu mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, uchaguzi mkuu hufanyika kila baada ya miaka mitano, kwa kawaida mwezi Oktoba. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2014 ulifanyika Desemba, na ule wa 2019 na wa 2024 ulifanyika Novemba. Mwaka 2005 Uchaguzi Mkuu uliahirishwa kwa sababu ya kifo cha mgombea mwenza, ukafanyika Desemba 14, siku kumi na moja kabla ya Krismasi. Kwa hiyo watoto wetu wanapopanda mabasi Dar es Salaam, wakapita Mikumi na kuupanda mlima Kitonga kuja kula sikukuu na wazazi, mara nyingi huja na kidonda ambacho hakijapata hata kigaga.

Na vidonda vya huku si vya kusimuliwa na wageni. Mwaka 2010 majimbo ya Mbeya Mjini na Iringa Mjini yote mawili yalichukuliwa na CHADEMA. Mwaka 2015 yakabaki huko. Mwaka 2020 yakarudi CCM katika uchaguzi ambao upinzani ulikataa kuyatambua matokeo yake. Septemba 2, 2012, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa kijijini Nyololo, wilayani Mufindi, polisi walipokuwa wakiwatawanya wafuasi wa chama. Mwaka 2018 mbunge wa Mbeya Mjini alifungwa kwa kosa la kumtukana Rais. Mwaka 2024 aliyekuwa mbunge wa upinzani wa Iringa Mjini, ambaye pia ni mchungaji, alihamia CCM, na tunawafahamu watu waliolia siku hiyo kana kwamba wamefiwa. Tukafika Oktoba 29, 2025. Chama kikuu cha upinzani hakikuwamo katika karatasi za kura, kiongozi wake alikuwa gerezani kwa shitaka la uhaini, maandamano yakazuka katika miji kadhaa, intaneti ikazimwa, watu wakafa. Mshindi alitangazwa kwa karibu asilimia 98 ya kura. Hata sherehe za Uhuru za Desemba 9 hazikufanyika. Kisha, wiki mbili baadaye, tukaketi mezani na kuambiana "Heri ya Noeli".

Wazee wengi walitoa agizo moja kabla ya chakula: leo hakuna siasa. Tunawaheshimu, na sababu yao tunaielewa. Baba aliyewaona wanawe wakishikana mashati mwaka 1995, mmoja akiwa wa Mrema na mwingine wa Mkapa, hana hamu ya kuyaona tena. Lakini tunathubutu kusema kwamba agizo hilo, kwa uchaguzi kama ule wa 2025, halitoshi. Fikirini nyumba ambamo mjomba ni mtendaji wa kijiji na mpwa wake alilala mahabusu majuma mawili. Mjomba ananyamaza, na kunyamaza hakumgharimu kitu. Mpwa naye ananyamaza, lakini yeye amemeza moto. Kimya hicho kinaitwa amani ya nyumba, kumbe mmoja peke yake ndiye anayekilipia, na mwaka unaofuata utasikia kwamba amekosa nauli ya kuja.

Hapa tungependa kuwarudisha ndugu zetu wa Rungwe kwenye mila yao wenyewe. Monica Wilson, aliyeishi kati ya Wanyakyusa katika miaka ya 1930, aliandika kwamba katika matambiko ya ukoo ndugu walitakiwa kwanza kuitoa hasira iliyomo moyoni, kuitamka kwa mdomo mbele ya wenzao. Tambiko halikuwa na nguvu maadamu mtu mmoja ameficha kinyongo. Ubaya uliochukiwa zaidi ulikuwa ule wa kuchekeana huku moyo umefunga. Mababu hao hawakuwa wamesoma Mathayo sura ya tano, ile ya kuiacha sadaka mbele ya altare na kwenda kwanza kupatana na ndugu, lakini walikuwa wamefika karibu nayo kuliko sisi tunaopeana mikono ya amani kila Jumapili bila kutazamana usoni.

Basi kusema kuwepo, ila si kwa namna ya jukwaani. Kuanzia mwaka 2016 hadi Januari 2023 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, na yale ambayo yangesemwa Ruanda Nzovwe au Mwembetogwa yalihamia sebuleni na katika makundi ya simu ya ukoo. Tumejifunza vibaya kusemezana nyumbani kwa sauti ya uwanjani. Mkutano hutafuta kushinda. Mazungumzo ya ndugu hutafuta mtu asikike. Kwa hiyo yasifanyike ulanzi ukiwa umekwisha kuzunguka mara tatu, wala mbele ya sufuria. Yafanyike asubuhi, watu wawili au watatu, na mkubwa mmoja anayeaminiwa na pande zote. Shangazi mara nyingi hufaa kuliko baba, kwa kuwa baba huogopa kushindwa nyumbani mwake. Aliyeumizwa aanze, na asikatishwe. Asiulizwe kwanza "wewe ulikwenda kufanya nini huko?" Swali hilo lina wakati wake, lakini likitangulia huwa ni hukumu.

Na asiwepo mtu wa kumuuliza mwenzake alimpigia nani kura. Kura ni siri kwa sheria, na siri hiyo inamlinda mke dhidi ya mume na kijana dhidi ya baba kama inavyomlinda raia dhidi ya serikali.

Liko jambo gumu zaidi ambalo hatuna jibu lake kamili. Ni lile la nyumba yenye askari. Mwana wetu aliyevaa sare naye ni mtoto wa mama yule yule, na si haki kumbebesha kila risasi iliyopigwa nchini. Lakini kama mkono wake mwenyewe umehusika, undugu haufuti deni la haki, na meza ya Krismasi haiwezi kugeuzwa mahakama wala kugeuzwa maficho. Familia inaweza kumpa chakula, ikamwambia ukweli, na ikaendelea kudai ukweli huo mahali panapohusika. Hayo matatu yanaweza kufanywa na watu wale wale, ingawa tunakiri kwamba tumeona wachache walioyaweza.

Tusiusahau utani pia. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya kumi na tisa, na leo watani hao huambiana hata msibani maneno ambayo mwingine angeyapeleka polisi. Bibi anayemwita mjukuu wake "mheshimiwa wa magwanda" huku akimwongezea nyama, na shemeji anayemwita shemeji yake "bwana kijani", wamekwisha kusema siasa bila kumvua mtu utu wake. Palipo na maiti, bila shaka, utani huo ungoje.

Nasi viongozi wa walei tusijitoe. Wako kati yetu waliofika jumuiyani na fulana ya chama, wakaongoza sala wakiwa wameivaa, na jirani mmoja akaacha kuja. Hatukwenda kumwuliza sababu. Tulisema ana shughuli za shamba.

Desemba ni mwezi wa kupanda. Tunazifahamu nyumba ambazo, asubuhi ya tarehe 26, ndugu wote hutoka na mbegu na mbolea kwenda shamba la wazazi, kila mmoja mstari wake. Katika nyumba moja ya namna hiyo, mjomba na mpwa waliopata kutosemezana miezi miwili walipangwa na bibi katika mistari inayopakana. Walipofika mwisho wa shamba walikuwa bado hawajakubaliana juu ya Oktoba. Walikuwa wakibishana, kwa sauti kubwa, na bibi aliyeketi chini ya mti aliwasikia akafurahi.