Muuguzi wa akili apewe sababu ya kubaki Mahoko

Utafiti wa kitaifa wa afya ya akili uliofanywa nchini Rwanda mwaka 2018 ulitoa takwimu tatu ambazo kila mfanyabiashara wa mpakani anapaswa kuzijua. Kwanza, mtu mmoja kati ya watano alikutwa na tatizo la afya ya akili. Pili, watu karibu 62 kati ya 100 walisema wanajua mahali pa kupata msaada. Tatu, waliosema wamewahi kutumia huduma hizo walikuwa kama watano tu kati ya 100.

Mwenye duka ataielewa hesabu hiyo haraka kuliko mtu wa ofisini. Wateja wanalijua duka na wana haja na bidhaa, lakini hawaingii. Duka la namna hiyo haliokolewi na mabango zaidi. Mwenye mali huangalia liko umbali gani, linafunguliwa saa ngapi, na nani anasimama nyuma ya meza.

Kwa miaka mingi juhudi kubwa zimewekwa katika kuelimisha watu kwamba ugonjwa wa akili ni ugonjwa kama mwingine. Kazi hiyo ilihitajika, na takwimu ya pili inaonyesha kwamba imezaa matunda. Kilichobaki ni yule wa nyuma ya meza: muuguzi kijana, mwanasaikolojia aliyemaliza chuo juzi, ofisa ustawi wa jamii. Huduma ya akili katika jamii itasimama au itaanguka kwa kutegemea kama vijana hao watakuwa na sababu ya kufanya kazi katika miji midogo ya soko, na sababu ya kubaki huko.

Chukua Mahoko. Soko hili la sekta ya Kanama, wilayani Rubavu, liko kando ya barabara kuu itokayo Musanze kwenda Gisenyi. Viazi, kabichi na karoti kutoka vilima vya jirani hupita hapo kuelekea Goma. Watu wake ndio wale wale wanaovuka Petite Barrière na mizigo kichwani, wengi wao wanawake, na wengi wakitegemea mtaji ambao lazima urudi jioni ili kesho kuwe na safari nyingine.

Watu hao wamepigwa mfululizo. Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa sababu ya korona. Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka, maelfu ya watu wa Goma wakakimbilia Gisenyi, na matetemeko yakapasua nyumba pande zote mbili. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa iliua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda. Mto Sebeya ulifurika, na Rubavu ikawa miongoni mwa wilaya zilizoumia zaidi. Januari 2025 vita vya Goma vilirusha risasi na makombora hadi upande wa Gisenyi na kuua raia. Chini ya hayo yote liko jeraha la 1994: utafiti ule ule wa 2018 ulionyesha kwamba manusura 35 kati ya 100 wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi wana sonona, dhidi ya 12 kati ya 100 katika umma kwa jumla.

Si kila aliyepitia mambo hayo ni mgonjwa. Wengi huomboleza, hushikwa mkono na ndugu na majirani, kisha hurudi kwenye meza zao. Lakini wako wasiorudi. Mama aliyekuwa wa kwanza kufika mpakani alfajiri anashindwa kuamka. Mume anaanza kunywa fedha za mzigo. Kijana mwenye kifafa aliyeacha dawa anaanguka barabarani na gunia mabegani. Wenzao wa upatu wanaona tu kwamba mchango hauji. Watasema ni uvivu, au amerogwa, au ana dharau. Wakati familia inapofikiria hospitali, mtaji umekwisha, deni limekua na ndoa imetikisika.

Hapo ndipo tiba ya akili ya jamii inapotofautiana na ile ya kumfungia mgonjwa wodini. Dawa ni sehemu moja tu ya kazi. Mhudumu humfuata mgonjwa nyumbani akikosa siku yake ya kliniki. Huketi na mume au mke na kueleza kwamba dawa za kifafa haziachwi kwa sababu mwezi mmoja umepita bila kuanguka. Huzungumza na kiongozi wa ushirika, kwa ruhusa ya mgonjwa, ili deni lipangwe upya badala ya mtu kufukuzwa. Kumsaidia mtu arudi sokoni nako ni tiba, kwa sababu asiye na kazi hurudi kuugua.

Rwanda haianzi kutoka sifuri katika jambo hili. Baada ya mauaji ya kimbari nchi ilikuwa na hospitali moja tu ya magonjwa ya akili, Ndera, nje kidogo ya Kigali. Dkt. Naasson Munyandamutsa, aliyerejea kutoka Uswisi, alijikuta karibu peke yake kama daktari bingwa wa fani hiyo. Kungoja madaktari bingwa wapatikane kungekuwa sawa na kuwaacha watu wafe. Sera ya mwaka 1995 iliamua kuipeleka huduma katika hospitali za kawaida na vituo vya afya. Wauguzi wa akili na wanasaikolojia walifundishwa na kupelekwa hospitali za wilaya. Madaktari bingwa walianza kufundishwa humu humu nchini miaka mingi baadaye.

Hatua ya kutoka hospitali ya wilaya hadi kituo cha afya ndiyo iliyo ngumu zaidi, na wilaya ya Burera, inayopakana na Uganda, imeonyesha inavyoweza kupigwa. Hospitali ya Butaro, kwa kushirikiana na shirika la Partners In Health, iliwatuma wauguzi wake wa akili kwenda vituo vya afya mara kwa mara. Hawakwenda kukagua makaratasi. Waliketi kando ya muuguzi wa kawaida akiwahudumia wagonjwa, wakamsahihisha palepale, wakarudi tena. Wagonjwa waliofuatiliwa walipungukiwa na dalili, na uwezo wao wa kufanya shughuli za kila siku ukaongezeka. Somo la Burera ni kwamba muuguzi wa kituo kidogo anaiweza kazi hii, mradi asiachwe peke yake.

Upweke ndio unaowafukuza vijana. Anayehitimu fani hii na kupangiwa kazi mbali na jiji hukuta kwamba yeye ni idara nzima. Asubuhi anahudumia kifafa, mchana anaitwa kusaidia chanjo, jioni polisi wanamletea mtu aliyefungwa kamba. Hana mkubwa wa fani yake wa kumuuliza kuhusu kipimo cha dawa. Hana mtu wa kumtua mzigo wa habari anazosikia kutwa, habari za vifo, ubakaji na kujiua. Akitazama mbele haoni ngazi: baada ya miaka mitano cheo ni kile kile. Shirika la kigeni likimpa mkataba wa mwaka mmoja, anaondoka. Ni vigumu kumlaumu. Anayefuata baada yake huanza upya na wagonjwa ambao wameshachoka kusimulia yale yale kwa sura mpya.

Wako watakaosema fedha hazitoshi, na kwamba kituo cha afya chenye wauguzi wachache hakiwezi kumtenga mmoja kwa ajili ya akili tu. Hoja hiyo ina uzito, ila inasahau gharama inayolipwa tayari. Mgonjwa asiyetibiwa mapema Mahoko ataishia Ndera, safari ya kuvuka nusu nchi, akisindikizwa na ndugu wawili walioacha biashara zao. Tena hakuna anayedai daktari bingwa katika kila kituo. Uganda kwa miongo mingi imefundisha maafisa tabibu wa magonjwa ya akili pale Butabika, Kampala, watu walio chini ya daktari lakini wenye ujuzi wa kutambua ugonjwa, kutoa dawa na kuendesha kliniki mikoani. Zimbabwe, tangu mwaka 2006, Dkt. Dixon Chibanda amewafundisha akina bibi kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kupanga matatizo yao. Nchi hizo hazina utajiri wa kuzidi majirani zao. Zilikubali kwamba kazi hii ina ngazi nyingi, na kila ngazi ina jina na mafunzo yake.

Jambo jingine linaihusu Jumuiya ya Afrika Mashariki moja kwa moja. Maisha ya mfanyabiashara wa Mahoko yako pande mbili za mpaka, na ugonjwa wake pia. Mtu anaweza kuanzishiwa dawa Goma, katika kituo cha Tulizo Letu kinachoendeshwa na Mabradha wa Upendo, shirika lile lile lililoanzisha Ndera, kisha mpaka ukabanwa na dawa zikamwishia akiwa Gisenyi. Dawa za kifafa zikikatizwa ghafla huweza kuleta degedege mfululizo linaloua. Dawa za magonjwa mengine ya akili zikikatizwa humrudisha mtu alikotoka. Kinga yake ni karatasi moja: barua ya matibabu yenye jina la dawa, kipimo na tarehe, inayosomeka na kukubalika pande zote mbili.

Kongo iliingia katika Jumuiya mwaka 2022. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Kiswahili na Kifaransa vilipitishwa kuwa lugha rasmi za Jumuiya kando ya Kiingereza. Wahasibu, wahandisi na madaktari wa mifugo wana mikataba ya kutambuana taaluma kati ya nchi wanachama waliotia saini. Ng'ombe akiugua mpakani, njia imefikiriwa. Anayemtibu binadamu aliyevunjika moyo baada ya vita anastahili kufikiriwa vivyo hivyo. Muuguzi anayesema Kinyarwanda, Kiswahili na Kifaransa ni mali adimu katika ukanda huu, na haifai ujuzi wake uishie kwenye kizuizi cha barabara.

Yanayotakiwa sasa yanatekelezeka. Mwaka 2023 Wizara ya Afya ya Rwanda ilianzisha mpango wa kuongeza wahudumu wa afya mara nne katika miaka minne. Afya ya akili ipewe fungu linaloonekana katika mpango huo, na nafasi hizo zitajwe kwa vituo, Mahoko na miji mingine ya soko ikiwemo, zisiishie kwenye hospitali kubwa. Miaka ya kazi katika kituo cha mpakani ihesabiwe pale kijana anapoomba nafasi ya kusomea shahada ya juu, ili aliyekaa huko apite mbele ya aliyengoja Kigali. Hospitali ya wilaya ya Gisenyi iwezeshwe kufanya yale ya Butaro: usafiri na siku maalumu za kuwatembelea wauguzi wa vituo. Kliniki ya akili ipangwe kwa kuzingatia siku za soko, maana anayelazimishwa kuchagua kati ya dawa na mtaji atachagua mtaji.

Vyama vya ushirika navyo vina wajibu. Vinakusanya michango ya msiba na ya uzazi. Vinaweza kuweka fungu dogo la nauli kwa mwanachama anayekwenda kliniki ya akili, na kanuni kwamba nafasi yake sokoni haitapewa mwingine akiwa matibabuni. Viongozi wao huketi na maofisa wa wilaya kuzungumzia ushuru na vizimba. Katika kikao kijacho waulize pia ni nani anayehudumia wagonjwa wa akili katika kituo chao, siku zipi, na nani humsimamia. Serikali za mitaa husikia haraka linapoulizwa na walipa ushuru.

Kwa kijana anayesita kati ya fani hii na nyingine zenye heshima zaidi mtaani, ni haki aambiwe ukweli. Kazi ni nzito, wagonjwa wengine hawaponi kabisa, na wapo watakaomwita daktari wa vichaa. Lakini ni fani chache ambazo muuguzi wa miaka 25 anaweza kumwona mtu aliyeletwa amefungwa kamba akirudi baada ya miezi sita kumuuzia viazi. Aulize kabla ya kusaini mkataba: nani atanisimamia, nani nitamwita usiku, baada ya miaka mitatu nitasoma wapi? Mwajiri asiye na majibu atampoteza.

Watu wa Mahoko wamekwisha kufundishwa kwamba msaada upo. Siku yule mama asiyeamka alfajiri atakapofikishwa kituoni na wenzake, amkute muuguzi aliyemwona mwezi uliopita, anayelijua jina lake na kipimo cha dawa yake.