Ya Chupuchupu Nayo Yaandikwe

Kila Mpemba ana kisa chake cha mkondo wa Nungwi. Mashine zimezima, chombo kimelala ubavu, watu wameshaanza kutoa shahada, mara mashine zikawaka. Wa ndege naye atakuhadithia kadege kalivyokaribia kugusa chini kakapandishwa tena ghafla. Tukishafika tunasema Alhamdulillahi, kisa kinapelekwa barazani, basi.

Meli ya Spice Islander I, iliyozama ikitoka Unguja kuja Pemba usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, ilikuwa ya abiria 600 hivi. Tume ya uchunguzi ikaja kukuta walipakiwa zaidi ya 2,000. Wapo walioitazama pale bandari ya Malindi wakakataa kupanda. Waliona. Lakini wamwambie nani? Januari 2014 wimbi likazoa abiria wa boti ya Kilimanjaro II iliyotoka Pemba, karibu na Nungwi hiyohiyo.

Marubani wa Jeshi la Wanamaji la Marekani nao walikuwa wakinyamaza. Mwaka 1954 peke yake jeshi hilo liliharibikiwa na ndege 776. Aliyeponea chupuchupu hakusema, akiogopa kuchekwa au kuadhibiwa. Dawa mojawapo ikawa fomu isiyo na jina: eleza yaliyokukuta, tumbukiza sandukuni, hakuna wa kukuuliza. Visa vikachapishwa katika jarida lao, Approach, lililoanza 1955, ili rubani wa manowari nyingine asome kabla hayajamfika yeye. Si fomu peke yake iliyopunguza ajali, walibadili hata umbo la sitaha za kutulia ndege. Ila fomu ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko yote.

Sisi tunangoja tume. Tume ni kuziba kisima mtoto keshatumbukia, na mengi inayoyaandika mchukuzi wa bandarini alikuwa akiyajua siku zote.

Tukitaka fomu kama hiyo huku kwetu, tunaambiwa watu watasingizia. Watasingizia, ndiyo, na anayesoma fomu 50 atawajua. Tunaambiwa baharia atafukuzwa kazi. Ndiyo maana jina halitakiwi. Tunaambiwa bajeti. Bajeti ya sanduku la mbao?

Mamlaka ya Usafiri Baharini iyaweke masanduku hayo Mkoani na Wete, Mamlaka ya Usafiri wa Anga iweke lake uwanjani Chake Chake. Yaliyoandikwa, na hatua iliyochukuliwa, yabandikwe kila mwezi pale penye dirisha la tiketi. Na funguo asikabidhiwe wakala wa meli.