Kabla ya kununua baiskeli ya mteremko, uliza nani atakupandisha

Juni 2015, huko Leogang nchini Austria, Mmarekani Aaron Gwin alitoka kwenye lango la kuanzia mbio za Kombe la Dunia za baiskeli za mteremko, na hapo hapo cheni yake ikakatika. Hakusimama. Aliinama, akawa anabonyea na kunyanyuka kwenye kila tuta na kila kona ili mwendo usimpotee, na alipofika chini hakuna mpinzani aliyekuwa na muda bora kuliko wake. Alishinda mbio za baiskeli bila msaada wa pedeli.

Vijana wengi wanaopenda mchezo huu wameitazama picha ya video ya siku ile, na wengi wameitamani baiskeli ya aina ile: foku nene yenye nguzo mbili zinazopanda hadi karibu na usukani, matairi mapana, springi kubwa chini ya fremu. Ni chombo cha kutamanika kweli. Lakini ushindi ule unamwambia mnunuzi jambo moja zito, kwamba baiskeli ya mbio za mteremko huendeshwa na mlima. Mlima ukiisha, au njia ikigeuka kuwa ya kupanda, aliyeketi juu yake anabaki na mzigo wa kilo 16 au 17 wa kusukuma.

Kwa hiyo anayetafuta baiskeli ya milimani ya kuendesha mwishoni mwa wiki, kwenda na marafiki na mara moja moja kujaribu mashindano, asianze kwa kuuliza inashukaje. Baiskeli zote nzuri za siku hizi zinashuka vizuri. Aanze kwa kuuliza nani atampandisha.

Swali hili lina umri sawa na mchezo wenyewe. Oktoba 1976, karibu na mji wa Fairfax, California, kundi la vijana lilianza kushindana kushuka njia ya vumbi iliyokuja kuitwa Repack. Walitumia baiskeli nzito za zamani zenye breki ya kukanyaga nyuma, na joto la breki hizo liliyeyusha grisi yote kwenye habu, ikabidi wazijaze upya baada ya kushuka. Kufika juu, mara nyingi walipakia baiskeli kwenye pikapu. Katika kundi hilo walikuwamo Charlie Kelly, Gary Fisher na Joe Breeze, watu waliokuja kuwa waasisi wa biashara ya baiskeli za milimani duniani. Tangu mwanzo, kushuka kwa kasi kulihitaji kwanza gari la kupandia.

Mashindano ya kwanza ya dunia yanayotambuliwa na shirikisho la kimataifa, UCI, yalifanyika Durango, Colorado, mwaka 1990, na Kombe la Dunia la mteremko likaanza 1993. Kuanzia hapo wahandisi waliendelea kuchonga chombo cha kazi moja: kumfikisha mtu mmoja chini, kwenye njia ya mawe na mizizi, ndani ya dakika mbili hadi tano. Kila kitu kisichosaidia kazi hiyo kiliondolewa.

Matokeo yake ndiyo baiskeli inayoonekana leo. Shokomzoba zake hubonyea milimita 200 mbele na karibu sawa na hapo nyuma. Foku imelazwa mbele kwa pembe ya kama digrii 63 ili gurudumu lisikwame kwenye mwamba. Breki ni za diski kubwa zenye pistoni nne kwenye kila gurudumu, mbele na nyuma. Kiti kiko chini na hakipandi, kwa sababu mwendeshaji hushuka akiwa amesimama. Gia ni saba tu.

Hapo kwenye gia ndipo tofauti inapojionyesha wazi. Gia nyepesi kabisa ya baiskeli nyingi za mbio za mteremko ina meno 24 nyuma, na mbele kuna duara la meno 36 hivi. Kila mzunguko mmoja wa pedeli unazungusha gurudumu mara moja na nusu, yaani unamlazimisha mtu asogee karibu mita tatu na nusu. Kwenye baiskeli ya enduro, inayotengenezwa kwa kushuka kwa kasi na kupanda pia, gia nyepesi ina meno 52 nyuma na 32 mbele. Mzunguko ule ule unasogeza mita 1.4 tu. Kwenye mlima mkali, mita hizo mbili za ziada kwa kila mkanyago ndizo zinazomshusha mtu kwenye kiti akaanza kutembea.

Watu husema uzito ndio tatizo, na wanakosea. Baiskeli nyingi za enduro zina kilo 15 au 16, karibu sawa na za mbio za mteremko. Kinachoiwezesha enduro kupanda ni gia, ni kiti kilichosogezwa mbele juu ya pedeli, na ni nguzo ya kiti inayopanda na kushuka kwa kitufe kilichoko kwenye usukani. Shokomzoba zake hubonyea milimita 160 hadi 180. Mwendeshaji anapoteza milimita 20 hadi 40 za ulaini, anapata mlima mzima.

Na hapotezi heshima yoyote. Sam Hill wa Australia, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mteremko, alihamia enduro na kutwaa ubingwa wa jumla wa mfululizo wa dunia wa mbio hizo miaka mitatu mfululizo, 2017, 2018 na 2019. Katika mbio hizo sehemu za kushuka ndizo zinazopimwa kwa saa, lakini kati ya sehemu moja na nyingine washindani hupanda sana kwa miguu yao wenyewe, na asiyefika kwa wakati huadhibiwa. Bingwa wa mteremko alipotakiwa kujipandisha, alipanda baiskeli nyingine.

Hata ndani ya mbio za mteremko zenyewe njia hazilingani. Njia ya Pietermaritzburg, Afrika Kusini, ilijulikana kwa kipande kirefu cha tambarare kilichowataka watu wakanyage pedeli kwa nguvu zote. Greg Minnaar, mzaliwa wa mji huo na bingwa wa dunia mara nne, alishinda ubingwa wa dunia pale mwaka 2013 huku tairi lake la nyuma likiwa limeishiwa upepo karibu na mstari wa mwisho. Mshindani wa ngazi ile ana mafundi wa kumbadilishia tairi na springi kufuatana na kila njia. Mnunuzi wa kawaida ana baiskeli moja, na njia anazokutana nazo ni nyingi.

Kuna mfano mwingine unaompasa kila anayedhani kwamba baiskeli iliyoshinda ndiyo inayomfaa. Katikati ya miaka ya 2000 kampuni ya Honda iliingia kwenye mbio hizi na baiskeli iliyoitwa RN01, yenye gia zilizofungiwa ndani ya fremu. Minnaar aliitumia kutwaa ubingwa wa jumla wa Kombe la Dunia mwaka 2005. Honda haikuwahi kuiuza madukani. Ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya kushinda, na kazi hiyo ilipokwisha, kampuni ikaondoka.

Wapo wanaofaidika kweli na baiskeli ya mteremko, na haki yao isemwe. Anayeishi karibu na Whistler nchini Kanada, au Morzine na Les Gets nchini Ufaransa, ambako lifti za watu wa kuteleza kwenye theluji hupandisha baiskeli wakati wa kiangazi, anaweza kushuka mara nyingi kwa siku moja. Mwili wake utazishukuru milimita 200, na fremu ya enduro itachakaa mapema kwa mapigo hayo. Anayejiandikisha mashindano ya mteremko msimu mzima naye aina hii ndiyo yake. Hata hivyo sehemu nyingi za aina hiyo hukodisha baiskeli za mteremko kwa siku, na Mswahili anayeishi huko na kwenda milimani mara chache kwa mwaka ataokoa fedha nyingi kwa kukodi, maana baiskeli kamili ya daraja la juu huvuka dola 6,000 za Marekani.

Kwa aliyeko Lushoto, Iten au Musanze, hesabu ni nyingine kabisa. Lifti yake ni miguu yake, au pikapu ya kukodi. Kwenye Mlima Kilimanjaro, njia ya Kilema inayoruhusiwa kwa baiskeli hupanda kuelekea Horombo, mita zipatazo 3,700 juu ya usawa wa bahari, na kuendelea hadi Kibo Hut. Anayetaka raha ya kushuka kule lazima kwanza aufikishe mwili na chuma juu. Baiskeli ya gia saba nzito katika safari hiyo ni adhabu.

Tom Ritchey, fundi aliyekuwa akiwatengenezea fremu Fisher na Kelly mwishoni mwa miaka ya 1970, alikuja Rwanda miaka ya 2000, akaona wakulima wa kahawa wakihangaika na mizigo kwenye vilima. Mtu huyo, mmoja wa waliouanzisha mchezo wa baiskeli za milimani, hakuwaletea baiskeli za mchezo. Alibuni baiskeli ndefu yenye gia, ya kubebea magunia ya kahawa. Alitazama kazi na kilima kwanza, umbo la baiskeli likafuata. Mnunuzi wa leo afuate utaratibu huo huo.

Tena kuna suala la vipuri, ambalo wauzaji huligusia kwa haraka. Baiskeli nyingi za mbio za mteremko zina habu ya nyuma yenye upana wa milimita 157 na ekseli ya mbele ya milimita 20. Baiskeli nyingi za kisasa za milimani zina 148 na 15. Gurudumu likipinda, la rafiki halitaingia. Watengenezaji wa foku za RockShox huelekeza sehemu ya chini ya foku ifunguliwe, isafishwe na kuwekewa mafuta mapya kila baada ya saa 50 za matumizi. Kwa anayeendesha saa nne kila wiki, hiyo ni karibu kila miezi mitatu. Kabla ya kulipa, mnunuzi amtafute fundi anayeweza kazi hiyo na amuulize sili na mafuta yanapatikana wapi.

Wengi hununua mitumba, na hapo macho na vidole vina kazi. Inamisha baiskeli kwenye mwanga, pitisha ukucha taratibu juu ya nguzo za foku zinazong'aa, kutoka juu hadi chini. Ukucha ukinasa mahali, mkwaruzo huo utaikata sili na mafuta yatavuja. Kisha shika kiti na uinyanyue baiskeli kidogo huku gurudumu la nyuma likiwa bado chini. Ukisikia mgongano mdogo wa chuma kabla gurudumu halijaanza kunyanyuka, beringi za viungo vya fremu zimelika. Mwisho, geuza baiskeli na ukague chini ya bomba kubwa la fremu, karibu na kichwa cha foku, ambako nyufa hujificha chini ya tope na rangi. Baiskeli iliyoshindana misimu miwili imepigwa kuliko inavyoonekana kwa nje.

Suala la ukubwa wa gurudumu limewapotezea watu muda mwingi. Mwaka 2017 Minnaar alishinda Fort William, Uskoti, kwa magurudumu ya inchi 29, na muda si mrefu magurudumu hayo yakaenea kwenye mbio zote. Mwaka 2019 UCI ikaruhusu kubwa mbele na dogo nyuma. Kwa mwendeshaji wa kawaida, urefu wake mwenyewe na matairi yanayopatikana mjini kwake vina uzito zaidi kuliko mjadala huo.

Fedha iliyookolewa kwa kuacha milimita 200 ina matumizi bora. Inunue kwanza helmeti inayofunika taya, kinga za magoti na glavu, kwa sababu mwamba hauulizi kama mtu yuko kwenye mashindano. Inunue breki nzuri za diski na matairi yenye kuta nene. Kisha shokomzoba irekebishwe kulingana na uzito wa mwenyewe, kazi inayohitaji pampu ndogo na rula tu. Shokomzoba ya upepo ina pete ya mpira kwenye nguzo yake. Isukume pete hadi iguse sili, panda ukiwa umevaa nguo na mkoba wako wote, kaa bila kuruka, kisha shuka polepole. Kama nguzo hubonyea milimita 60, pete iwe imesogea kama 18. Ikisogea zaidi, ongeza upepo. Ikisogea kidogo, punguza. Baiskeli ya bei ya kati iliyorekebishwa hivi hushuka vizuri kuliko ya bei kubwa iliyoachwa kama ilivyotoka dukani.

Anayeanza kabisa hahitaji hata enduro. Baiskeli imara yenye foku ya milimita 120 hadi 140 na isiyo na shokomzoba ya nyuma itamfundisha kuchagua njia, kuinua gurudumu na kufunga breki kwa kiasi, na vipuri vyake vinapatikana kwa urahisi zaidi. Ujuzi huo ataondoka nao siku akihamia kwenye chombo kikubwa.

Wauzaji na viongozi wa vilabu vya baiskeli wana wajibu hapa. Kijana akija na akiba yake akiomba baiskeli ya mteremko kwa sababu ameiona kwenye video, wamuulize anaishi wapi, anaendesha njia gani, na ana gari la kumpandisha au hana. Kama ana lifti au gari na amejiandikisha mashindano, wamuuzie bila wasiwasi. Kama atapanda kwa miguu yake, wampe enduro au iliyo nyepesi zaidi, naye ataiendesha miaka mingi badala ya kuiegesha ukutani baada ya mwezi mmoja.