Hati Hufanana na Hati

Katika Kiswahili chetu cha pwani, hati ni karatasi ya mkataba, na hati pia ni mwandiko wa mtu, namna mkono wake unavyokwenda juu ya karatasi. Na neno sahihi nalo lina pande mbili: ni jina unalolitia mwisho wa waraka, na ni jambo lisilo na kosa. Lugha yenyewe imetuonya. Sahihi huweza kuwa si sahihi.

Nimeyakumbuka hayo niliposafiri kwenda Maulidini Meru. Sisi wa pwani wengi wetu Meru twaijua kwa miraa tu. Gari likichelewa kutoka Maua, baraza nzima hununa. Njiani nililala Embu, kesho yake nikafika Majengo ya Meru, na kote kuwili nilikuta vijana waliozama katika shughuli moja. Wamezikuza picha za sahihi katika simu zao, wametia duara nyekundu kwenye herufi, wanabishana juu ya mkia wa herufi moja na tumbo la nyingine. Wanamtafuta aliyemuua Julie Ward.

Kisa chenyewe ni cha mwaka 1988. Julie Ward, Mwingereza wa miaka 28, mpenda kupiga picha za wanyama, alipotea Maasai Mara mwezi wa Septemba. Baba yake, John Ward, mwenye biashara ya mahoteli, akaja na kukodi ndege za kumtafuta, na tarehe 13 mwezi huo yakapatikana mabaki yake yaliyochomwa moto. Yakaanza maneno: ameliwa na simba, amejiua, amepigwa na radi. Ati simba anakata, kisha anawasha moto!

Watu wa Meru wana haki ya kukereka na hadithi za simba. Kwao ndiko alikozikwa Elsa, yule simba wa Joy Adamson, kando ya mto Ura. Bi Adamson mwenyewe alipouawa Shaba tarehe 3 Januari 1980, habari za kwanza zilisema ameuawa na simba. Baadaye ikadhihirika kuwa ni mkono wa mwanadamu, na mwaka 1981 mtu akatiwa hatiani. Bwana Ward naye alipoandika kitabu chake mwaka 1991 alikipa jina la kuwatetea wanyama, kwamba wao hawana hatia.

Basi hati inaingia wapi? Katika kitabu cha wageni cha lango la Sand River kulikuwa na sahihi ya kuonyesha kwamba Julie aliondoka pale salama. Bwana Ward akakataa kwamba ule ni mkono wa mwanawe. Hakuwa askari, wala hakusomea elimu ya kupima maandishi. Lakini mzazi aliyepokea barua za mwanawe miaka na miaka huijua hati yake kama anavyoijua sauti yake nyuma ya mlango.

Na ujuzi wa namna hiyo si upuuzi mbele ya sheria. Sheria ya Ushahidi ya Kenya humsikiliza mtaalamu wa maandishi, na humsikiliza pia mtu aliyeizoea hati ya mwenziwe, aliyemwona akiandika au aliyekuwa akiandikiana naye. Lakini kijana wa Majengo hakupata kumwona hata mmoja wa watu hao akishika kalamu. Analo alilonalo, picha ya picha. Uzito wa kalamu haumo, mahali kalamu iliponyanyuliwa hapaonekani, wala ule mtetemo wa mkono unaokwenda polepole kwa kuiga.

Kijana mmoja, mwerevu wa kusema kweli, aliniambia, "Ustadhi, tazama, herufi hii na hii ni mamoja." Kisha akalitaja jina la mtu ambaye mahakama ilimwachia huru. Nikamwuliza mwalimu wake wa shule ya msingi alisomea wapi. Akacheka, akasema Kigari, kule Embu. Nikamwambia ahesabu wangapi wamefundishwa na walimu waliotoka Kigari, na wangapi na waliotoka Kaaga ya Wamethodisti wa Meru, wote wakinakili mwandiko mmoja wa ubaoni. Chuoni kwetu ilikuwa vivyo hivyo. Tuliandika juu ya ubao tukifuatisha mkono wa maalim, na mpaka leo naweza kukwambia huyu ni mwanafunzi wa nani. Ila huyu ni nani hasa, hapo sithubutu.

Ndiyo sababu wanachuoni wetu wa madhehebu ya Shafi walikuwa wazito katika jambo hili. Hati hufanana na hati, na hati huweza kughushiwa. Kwa hiyo kadhi hahukumu kwa mwandiko mtupu. Hata aya ya deni katika Suratul Baqara, inayotuamrisha tuandike, haikuishia kwenye kuandika. Imetaka na mashahidi.

Wafaransa walilipia somo hili ghali. Mwaka 1894 ofisa wa jeshi, Alfred Dreyfus, alihukumiwa kwa waraka mmoja usio na jina. Bertillon, bingwa wa kupima viungo vya wahalifu, alisimama kusema hati ni ya Dreyfus. Palipokosa kufanana, akasema Dreyfus ameighushi hati yake mwenyewe! Maskini akapelekwa Kisiwa cha Shetani. Kisha picha ya waraka ule ilipochapishwa, mtu mmoja wa biashara ya fedha akaitambua mara moja: ilikuwa hati ya mteja wake, Esterhazy. Bingwa alikuwa akitafuta mfanano. Yule wa fedha hakutafuta kitu. Alikuwa na barua za mtu huyo nyumbani. Dreyfus alisafishwa jina mwaka 1906.

Sisemi vijana wafunge simu zao. Lau Bwana Ward angeliwaachia wakubwa, kisa kingeliishia tumboni mwa simba. Lakini baba alisema: huu si mkono wa mwanangu. Hakuwa na haja ya kumjua mwandishi ili aseme hivyo. Kumtaja mwandishi ni safari nyingine, na kumtaja muuaji ni nyingine tena. Walinzi wawili wa mbuga walishitakiwa, wakaachiliwa 1992. Mkuu wa walinzi naye akaachiliwa 1999. Hao wana majina, wana watoto, na duara nyekundu huwafuata hadi sokoni.

Nami nashangaa kwamba karatasi iliyo wazi kuliko zote haizungushiwi duara. Daktari aliyeyapima mabaki aliandika kwamba yamekatwa. Ripoti ile ikabadilishwa maneno na mkubwa wake, mpimaji mkuu wa maiti wa serikali, naye akakubali kuwa ni yeye, akasema alikuwa akisahihisha Kiingereza tu. Pale hapatakikani kulinganisha herufi. Mwenye mkono amejitaja.

Mwaka 2004 uchunguzi wa Ipswich, Uingereza, ulisema Julie aliuawa. Bwana Ward alifariki 2023, na hakuna aliyetiwa hatiani.